Jinsi ya Kuchagua RAM Inayolingana na Kompyuta ya Mezani Unayoiunda Mwenyewe

Wengi wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza hununua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa kutazama ukubwa na bei, kisha ndipo hutafuta mahali pa kuichomeka. Mimi huanzia upande wa pili, kwa sababu ubao mama (ule unaobeba vipande vyote) na prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ndivyo vinavyoamua RAM ipi itakubalika. Kabla ya hatua yoyote, andika majina kamili ya modeli ya vitu hivyo viwili, hadi herufi ya mwisho, kwa kuwa zipo mbao mama zenye jina karibu moja ilhali moja hupokea RAM ya kizazi cha DDR4 na nyingine ya kizazi kipya zaidi, DDR5.

Hatua ya 1: Tambua kizazi cha RAM

RAM ya DDR4 ilianza kuuzwa mwaka 2014, na DDR5 ikaingia katika kompyuta za mezani mwishoni mwa 2021. Zote mbili zina pini 288 na urefu uleule, lakini mkato ulio kwenye ukingo wa pini umewekwa mahali tofauti, tena mpangilio wa umeme wake si mmoja, hivyo haziwezi kubadilishana nafasi. Kipande kikikataa kuingia kwenye sloti, kitoe ukikague, usikilazimishe.

Soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye ubao, nayo huamua: ya AM4 ya AMD hutumia DDR4 tu, na AM5 hutumia DDR5 tu. Kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 12 hadi cha 14 zinazokaa katika soketi ya LGA1700 zinaweza kufanya kazi na vizazi vyote viwili, lakini karibu kila ubao wa soketi hiyo umetengenezewa kimoja tu. Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza: wanasoma sifa za prosesa na kusahau kusoma za ubao.

Hatua ya 2: Hakikisha ni RAM ya kompyuta ya mezani

RAM ya laptopu ni fupi na haimdanganyi mtu. Ya seva ndiyo yenye mtego. Kipande cha DDR4 cha seva huingia vizuri katika ubao wa kawaida, na bei yake sokoni kikiwa kimetumika huvutia, lakini kompyuta haitawaka. Tazama lebo: katika maandishi kama PC4-2400T-UA2, herufi U inaonyesha RAM ya kawaida ya mezani, ilhali R mahali hapo huashiria ya seva na S ya laptopu.

Hatua ya 3: Amua ukubwa na idadi ya vipande

Prosesa nyingi za mezani huwasiliana na RAM kupitia chaneli mbili, yaani njia mbili za data, kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 16 kwa kawaida hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha 32. Ubao ukiwa na sloti nne, aghalabu vipande viwili huwekwa katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Thibitisha katika kitabu cha maelekezo, ambacho pia hutaja kiwango cha juu kabisa ambacho ubao unaweza kubeba.

Hatua ya 4: Soma kasi kwa uangalifu

Namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa mfano 3200, mara nyingi huitwa megahezi, lakini kwa hakika ni mamilioni ya mara ambazo data hupitishwa kwa sekunde. Saa ya RAM hiyo hupiga megahezi 1600, na data hupita mara mbili katika kila pigo. Ndiyo maana programu ya kupima ikikuonyesha 1600, hujatapeliwa.

Jambo zito zaidi ni kwamba kasi hiyo ya boksi mara nyingi si kasi ambayo RAM huanza nayo. Ukiichomeka na kuiacha hivyo, DDR4 ya 3600 inaweza kutembea kwa 2133 au 2666, na DDR5 ya 6000 kwa 4800, mpaka uingie katika BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao) na kuwasha profaili, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM, inayoitwa XMP au, kwa AMD, EXPO. Profaili hiyo huivusha RAM nje ya viwango rasmi vya prosesa, na mafanikio yake hutegemea prosesa, ubao na idadi ya vipande. Prosesa za Ryzen 7000, kwa mfano, zimetajwa rasmi kwa DDR5 ya 5200 zikiwa na vipande viwili, lakini kiwango hicho hushuka hadi 3600 vikiwa vinne. Anayepanga kujaza sloti zote nne baadaye afahamu hilo mapema.

Usitazame kasi peke yake. Tazama pia namba ya CL, ambayo ni ucheleweshaji. Izidishe kwa 2,000, kisha gawanya kwa kasi, upate nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 hutoa 10, na DDR5 ya 6000 yenye CL30 hutoa 10 vilevile, ilhali DDR5 ya 6000 yenye CL40 hutoa zaidi ya 13.

Hatua ya 5: Linganisha na orodha ya mtengenezaji wa ubao

Katika tovuti ya mtengenezaji, ukurasa wa ubao wako una orodha ya RAM zilizojaribiwa. Tafuta namba kamili ya modeli, kisha soma safu inayoonyesha vipande vingapi vilijaribiwa kwa pamoja. RAM kukosekana humo si ushahidi kwamba haifai, kwani hakuna anayejaribu zote. Katika hali hiyo mimi hutazama orodha ya mtengenezaji wa RAM yenyewe.

Hatua ya 6: Nunua seti moja

Niliwahi kuongeza vipande viwili vya modeli ileile kwenye kompyuta iliyokuwa na viwili tayari, nikapoteza siku mbili nikitafuta chanzo cha kuzima ovyo. Chipu za ndani zilikuwa za aina tofauti, kwani watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina. Ukihitaji gigabaiti 64, nunua seti ya 64 iliyofungwa pamoja.

Kama unatumia kipoza joto kikubwa cha feni, pima pia kimo cha RAM, visije vikagongana.

Hatua ya 7: Chomeka na ujaribu

Bonyeza kila kipande mpaka kishikizo kilie. Mwasho wa kwanza wa DDR5 unaweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi, kwa kuwa ubao unaipima RAM, usizime umeme. Kisha washa profaili na uendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi hadi imalize mizunguko yake yote. Kosa hata moja halivumiliki: zima profaili na urudie, na makosa yakiendelea, jaribu kipande kimoja kimoja katika sloti ileile, kisha urudishe dukani seti nzima, si kipande kibovu peke yake.