Kupanda riksho Asakusa

Wavutaji wa riksho, kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu, utawakuta karibu na lango la Kaminarimon, mtaa wa Asakusa, Tokyo. Kabla ya kupanda, patana nao: yeni ngapi, dakika ngapi, na je, bei ni ya mmoja au wawili? Kiti kinatosha wawili, wembamba kiasi.

Keti ukiegemea kabisa, mkoba mapajani, maana mvutaji akiinua mikono ya gari utalala kinyumenyume ghafla.

Mimi huomba vichochoro vya nyuma ya hekalu la Sensoji, halafu upande wa mto Sumida, ambako mnara wa Skytree, mita 634, unaonekana vizuri. Maduka ya Nakamise, kwenye njia ya kuingilia hekaluni, yaache. Hayo ni ya kutembea kwa miguu. Bakshishi si desturi huko. Simu mpe mvutaji akupige picha, pembe nzuri anazijua.