Biskuti za Kiitaliano za Anisi: Namna ya Kuzioka Mwanza, za Ngano na za Wanga Kidogo

Nchini Italia biskuti za anisi ni za namna nyingi. Watu wa Abruzzo wana pizzelle, ambazo ni nyembamba na hubanwa kati ya vyuma viwili vya moto vyenye nakshi, ilhali Sardinia na Liguria zinajulikana kwa anicini, ambazo huokwa, hukatwa vipande, kisha hurudishwa kwenye oveni zikauke. Kwa mpishi wa Mwanza ninapendekeza hizi za pili, kwa kuwa hazihitaji chombo maalumu na kwa kuwa unyevu wa hewa ya ziwani hulainisha upesi biskuti yoyote ambayo haikukauka hadi ndani.

Uzuri wa biskuti hizi wote umo katika mbegu za anisi, kwa hiyo usizinunue kwa kuangalia tu. Kwenye maduka ya viungo anisi huweza kuwekwa karibu na bizari nyembamba na shamari, na kwa macho zote tatu zinafanana. Tafuna mbegu moja: anisi huacha utamu ulimini ingawa haina sukari, na mara nyingi huwa na kikonyo chembamba kilichobaki nchani, shamari nayo ni tamu lakini ni kubwa zaidi na harufu yake ni ya upole, bizari nyembamba haina utamu wowote na itakuharibia kazi nzima. Usipopata anisi, tumia shamari mara moja na nusu ya kipimo, kwani harufu ya mbegu zote mbili hutokana hasa na kemikali moja iitwayo anetholi. Kaanga mbegu kavu kwenye kikaango kwa moto mdogo kwa muda wa dakika moja au mbili, ukizikoroga hadi harufu ipande, kisha zitwange kwenye kinu ili nusu zisagike na nusu zibaki zimevunjika tu. Unga wa anisi uliosagwa zamani huwa umepoteza harufu nyingi. Baadhi ya Waitaliano huongeza pombe ya anisi kama sambuca, lakini mbegu mpya zinatosha kabisa.

Kwa biskuti za ngano, changanya gramu 280 za unga, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, robo kijiko cha chumvi na kijiko kimoja cha chakula cha anisi uliyotwanga. Beking pauda iwe ya kusawazishwa kwa kisu, isiwe ya kufura: Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko pwani, gesi hutanuka zaidi na biskuti huweza kupasuka. Katika bakuli jingine piga mayai mawili makubwa na gramu 140 za sukari hadi yawe meupe, ongeza gramu 50 za siagi iliyoyeyushwa na kupoa, pamoja na ganda la chungwa lililokwaruzwa. Machungwa ya Ukerewe yanafaa sana. Unganisha vyote kwa mwiko bila kukanda. Kwa mikono iliyolowa maji, tengeneza magogo mawili bapa yenye upana wa sentimita 6 hivi, uyaoke kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 25 hadi 30. Yaache yapoe kwa dakika 15, yakate kwa kisu chenye meno vipande vya unene wa sentimita moja na nusu, uvilaze kwenye trei na kuvirudisha kwa nyuzi 150, dakika 10 kila upande.

Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria kubwa lenye mchanga mkavu chini na makaa juu ya mfuniko, kama waokavyo keki majumbani. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, na katika awamu ya pili yapunguzwe yabaki machache tu.

Biskuti za wanga kidogo zinahitaji subira zaidi, kwa kuwa lozi hazina kile kinachoufanya unga wa ngano ushikamane. Tumia gramu 200 za unga wa lozi, gramu 20 za unga wa nazi, mayai mawili, gramu 30 za siagi, na gramu 80 za erithritoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) iliyosagwa laini, huku chumvi, beking pauda na anisi vikibaki vilevile. Oka kwa nyuzi 160 kwa dakika 25 hadi 30, lakini usitegemee rangi, maana erithritoli haiwi ya kahawia kama sukari. Bonyeza katikati uone kama ni pagumu. Acha gogo lipoe kabisa, hata saa nzima, kwani likikatwa likiwa na moto litamomonyoka. Kausha vipande kwa nyuzi 120, dakika 15 kila upande, kisha zima oveni na uviache humo hadi vipoe.

Kwa hesabu yangu, ukikata vipande 24, kila biskuti ya ngano huwa na takribani gramu 14 za wanga, ilhali ya lozi huwa na gramu moja hivi ukiondoa nyuzinyuzi na erithritoli. Hata hivyo, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azihesabu katika mlo wake kama chakula kingine.

Lozi ni ghali, na karanga zinaweza kushika nafasi yake. Zimenye, zikaushe, na uzisage kwa vipindi vifupi zisigeuke siagi, kisha uongeze anisi kwa nusu ya kipimo, kwa sababu karanga huifunika. Chagua karanga safi kwa uangalifu mkubwa, ukitupa zote zilizosinyaa au zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu haiondolewi na joto la oveni.

Hifadhi biskuti zikiwa zimepoa kabisa, katika kopo linalofungwa vizuri. Za ngano hukaa wiki mbili au zaidi. Za lozi na karanga ziweke kwenye friji, maana mafuta yake huchacha upesi wakati wa joto. Zikilainika, zirudishe kwenye oveni yenye nyuzi 120 kwa dakika 10.