Mambo ya kuzingatia kabla hujatoa kishika uchumba cha gari

Watu wakienda yadi kununua gari lililotumika hujiandaa sana kwa upande wa injini. Wanabeba fundi, wanakagua oili, wanasikiliza gia boksi inavyoingia. Kwa upande wa hela hawajiandai kabisa. Wakishalipenda gari wanatoa milioni mbili, tatu, hata tano "lisije likaondoka", wanapewa kikaratasi, wanarudi nyumbani kutafuta kiasi kilichobaki. Karibu kila kesi ninayoijua ya mnunuzi kushikana mashati na mwenye yadi imetoka kwenye kikaratasi hicho. Soma haya kabla hujabonyeza namba ya siri, maana ukishabonyeza utakuwa unaomba.

Jua kwanza gari ni la nani. Magari mengi yanayong'aa pale yadi si ya mwenye yadi. Yameletwa na wenyewe yauzwe, yadi inakula kamisheni, na katikati huenda yupo dalali mwenye cha juu chake. Hilo si kosa, ni biashara. Shida inakuja mwenye gari akighairi: yadi inakwambia hela tulishampa mwenyewe, mwenyewe anakwambia sijaona hata senti, na wewe unabaki na wadaiwa wawili ambao hakuna anayekubali deni. Omba kuona kadi ya gari, soma jina, kisha inama usome namba ya chesisi kwenye gari lenyewe ulinganishe. Jina likiwa la mtu mwingine, taka karatasi yenye saini yake inayoiruhusu yadi kuuza na kupokea hela. Kadi ikiwa imeshikwa na benki kwa sababu ya mkopo, mazungumzo yahamie benki na deni lijulikane kabla ya shilingi yako ya kwanza.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni. Ukitumia lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Namba binafsi ya kijana wa mauzo, hata awe mcheshi vipi, hapana. Vijana hao huhama yadi, na akihama anahama na laini yake.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai siku hiyo hiyo, usikubali "utapewa ukimaliza". Ina TIN (namba ya mlipakodi), tarehe, saa, na jina halisi la biashara, ambalo mara nyingine silo lililoandikwa kwenye bango getini.

Piga picha gari lote: dashibodi ikionyesha kilomita, tairi, betri, redio, spea tairi na jeki. Gari lililokwisha kushikwa hutulia uani, na likitulia uani hupungua.

Sasa nije kwenye kikaratasi.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Alipata Toyota IST kwenye yadi moja Dar es Salaam, gari safi, halina maneno. Walipatana milioni 13 na nusu. Mkononi alikuwa na milioni nne, nyingine alikuwa anazisubiri SACCOS. Akatoa zile nne. Jamaa wa yadi akamwandikia risiti ya kitabu: jina lake, tarehe, kiasi, na mbele yake "malipo ya awali ya gari". Gari gani, hakuna. Bei gani, hakuna. Mpaka lini, hakuna. Aliuliza habari ya muda, akajibiwa, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, hata ukichelewa kidogo sisi ni watu wa kuelewana."

SACCOS ikavuta. Kamati ya mikopo ilikuwa ikae, haikukaa. Mdhamini mmoja akasafiri. Wiki zikapita. Aliporudi Dar na hela zote, gari lipo pale pale, limeoshwa, ila bei imekuwa milioni 14 na laki tatu. Akaambiwa dola imepanda na yadi haiwezi kuuza kwa hasara. Sawa, dola ilipanda, lakini gari lilikuwa nchini siku nyingi, ushuru umelipwa, limeshafungwa namba. Hiyo dola iliingiaje humo, mpaka leo hatujaelezwa.

Shemeji si mtu wa kelele. Akasema basi, nirudishieni changu niende zangu. Hapo ndipo "mwalimu" ilipogeuka "wewe mzee". Wakamwambia umetukalishia gari wiki zaidi ya tatu, wateja tumewarudisha, hela ya kushikia hairudi. Yeye anasema nililipa sehemu ya bei, wao wanasema ulilipia kusubiriwa. Risiti ikaletwa mezani, ikasomwa, ikageuzwa nyuma. Haikumsaidia mtu.

Akaenda kituo cha polisi. Askari alimsikiliza vizuri, akamwambia kile ambacho wengi huambiwa: haya ni madai, si jinai. Jamaa hawajakimbia, hawajakana kwamba walipokea, gari lipo. Mnachobishania ni mapatano. Akarudi Morogoro bila gari na bila zile milioni nne, huku makato ya mkopo yameshaanza kwenye mshahara. Hicho ndicho kilichotuuma ndugu wote, mtu analipa riba ya gari asilolipanda.

Kilichomwokoa, kwa kiasi chake, ni ujumbe mmoja wa WhatsApp. Katikati ya zile wiki aliwaandikia kuomba radhi kwa kuchelewa, na kijana wa mauzo akajibu, "Poa mwalimu, gari lako lipo, 13.5 yako inasubiriwa." Wakili tuliyempelekea alipousoma aliuliza kama simu imehifadhiwa vizuri. Ujumbe huo ulikuwa na bei, ulikuwa na gari, na ulikuwa na yadi ikikubali kusubiri kwa maneno yake yenyewe. Ukaingizwa kwenye barua ya madai yenye siku za kujibu, na yadi haikutaka kufika mahakamani. Walirudisha, lakini kwa mafungu, na wakakata laki tano waliyoiita gharama ya maegesho. Shemeji alikubali kwa uchovu. Wakili naye akala chake.

Kwa hiyo risiti peke yake haitoshi, hata ya EFD. Taka karatasi ya makubaliano, ya nusu ukurasa, hata ya kuandikwa kwa mkono, yenye saini zenu na mhuri wa yadi. Iseme wamepokea kiasi fulani kutoka kwako, ikiwa ni sehemu ya bei ya gari aina fulani lenye namba na chesisi hii. Bei yote ni kadhaa na haibadiliki. Gari litashikiliwa mpaka tarehe fulani na halitauzwa kwa mwingine. Kisha ifike kwenye kipengele ambacho watu huona haya kukiandika, kana kwamba wanataja talaka siku ya posa: hela inakwenda wapi mambo yakivunjika.

Usiandike "itarudi" ukaishia hapo, kwa sababu mapatano huvunjika kwa njia nyingi. Yadi ikimuuzia mwingine, au mwenye gari akighairi, unarudishiwa yote, na idadi ya siku za kurudishiwa itajwe. Kadi ikikutwa na mushkeli, au fundi akikuta tatizo la injini ambalo hukuambiwa, yote pia. Na fundi aje kabla ya hela. Kama haiwezekani, andika kwamba malipo yanategemea ukaguzi wake na utafanyika kabla ya siku gani. Mkopo ukikataliwa, hapo ndipo pa kuvutana, na mvutane kabla. Wengine hukubali kurudisha yote ukileta barua ya kukataliwa, wengine wanataka kubaki na kidogo. Chochote mtakachokubaliana, kiandikwe.

Wewe mwenyewe ukighairi bila sababu, au ukipitisha tarehe, kubali kukatwa. Ndiyo, ukatwe. Yadi ikizuia gari kwa ajili yako inawarudisha wateja kweli, na anayetaka lishikwe bure anataka dezo. Ila kiasi cha kukatwa kitajwe kwa tarakimu, kilingane na siku gari lilizokaa. Mwenye yadi anayekataa kutaja kiasi anataka kubaki na zote, elewa hivyo na uondoke na hela zako.

Lile tangazo la "pesa ikishapokelewa hairudishwi" lililobandikwa ukutani lisikutishe sana, ingawa usilipuuze. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, kifungu cha 74, inasema hata pale mkataba unapotaja kiasi atakacholipa aliyeuvunja, mahakama hutoa fidia inayofaa, na kile kilichotajwa huwa ndicho kikomo cha juu. Haina maana kwamba kila arabuni, yaani hicho kishika uchumba, itarudi. Arabuni ndogo, ya haki, iliyokubaliwa wazi, unaweza kuipoteza. Ina maana kwamba milioni nne kwa kulaza gari uani wiki tatu ni jambo la kuhojiwa. Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, huhesabu arabuni au malipo ya sehemu ya bei kuwa kitu kinachofunga mapatano. Yanafunga pande zote mbili. Aliyepokea hela yako kwa bei mliyopatana hana haki ya kuamka na bei nyingine kwa sababu tu yeye ndiye mwenye geti. Kazi yako ni kuwa na kitu kinachoonyesha bei mliyopatana ilikuwa ipi.

Kama gari unaliagiza na halijafika, ongeza suala la kodi: ikipanda, nani anabeba? Bajeti ya serikali husomwa Juni na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Gari ulilolilipia Mei likiwa bado baharini linaweza kushuka bandarini likute kiwango kingine, na hapo wakala atakupigia simu yenye sauti ya huzuni. Magari makuukuu yana tozo ya uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa uujue kabla, usiupokee kwa mdomo. Mamlaka ya Mapato, TRA, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Ingiza mwenyewe taarifa za gari, uone kiasi, ndipo umsikilize wakala na hesabu zake. Hela ya kununulia gari Japani ipite benki kwenda kwa kampuni iliyotajwa kwenye ankara, na ankara iwe na jina lako. Wakala mlipe ada yake ya uwakala, basi.

Umeshanasa tayari? Acha kwenda kufoka yadi kila Jumamosi, wanakuzoea. Andika barua yenye tarehe, kiasi unachodai na siku za kujibu, na nakala yako isainiwe kwamba wameipokea. Risiti halisi usimwachie mtu eti "anaipeleka kwa bosi", mpe nakala. Tume ya Ushindani, FCC, inashughulika na malalamiko ya walaji, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya kiasi kama hiki. Ukirudishiwa kwa mafungu, kila fungu liwe na karatasi inayosema kimebaki kiasi gani, na usisaini popote kwamba umemalizana nao kabla hujamalizana.

Mengine ni tahadhari za kawaida ambazo watu huziruka. Mkopo uive kwanza, gari lifuate. Usitoe hela jioni yadi ikiwa inafungwa. Usiende peke yako, nenda na mtu asiyelipenda hilo gari. Ukiambiwa kuna mteja yuko njiani na keshi, mwache aje. Usimtajie mtu wa mauzo kiasi ulichonacho mfukoni. Mlichoongea kwa simu kiandikie ujumbe jioni ile ile, "kama tulivyokubaliana leo, bei ni kadhaa", uone watajibu nini. Ule mpangilio wa WhatsApp wa ujumbe kujifuta uzime, na simu hiyo usiiuze mpaka kadi iwe na jina lako. Uliza ufunguo wa akiba uko wapi. Uliza bima inaisha lini. Angalia kama gari linadaiwa faini za barabarani, kwa sababu deni hilo linaifuata namba ya gari, na ukishaanza kuliendesha utasimamishwa wewe. Wakikwambia hizo ndogondogo tutamalizana, ziandike nazo kwenye ile karatasi kabla ya saini.