Modemu inayojifanya CD kwenye Linux

Ndugu wa Goma mnaonunua modemu za Huawei za mitumba kule Birere: ukiichomeka kwenye Ubuntu ikafunguka kama CD yenye programu za Windows, haijafa. Imejitambulisha kama diski tu. Fungua taminali, andika lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB). Utaona namba kama 12d1:1446. Kisha weka programu ya kuigeuza kutoka diski kuwa modemu:

sudo apt install usb-modeswitch

(Intaneti ya kuipakua unaweza kuitoa kwenye simu kwa waya wa USB, ila angalia mega zako.) Chomoa, chomeka tena, subiri kidogo, rudia lsusb. Tarakimu za baada ya nukta mbili zikibadilika, modemu imeamka. Zisipobadilika, hamia tundu la nyuma la kompyuta. Ya mbele mara nyingi umeme wake ni hafifu. Kilichobaki ni kuweka APN ya laini yako (jina la lango la intaneti la kampuni yako ya simu).