Fom foo wa Moshi na Arusha: namna ya kuomba msaada wa masomo mpaka ukusaidie kweli

Kama upo fom foo na umeshaanza kuhesabu miezi ya kufika mtihani wa taifa wa Novemba, usikimbilie kutafuta tuisheni, kwanza jua umekwama wapi. Mimi nafundisha jioni huku Pasua, Moshi, na wengi wanaokuja wanaanza na "mwalimu mi kemia siielewi", sasa kemia ina mada kibao, hata mwalimu awe mzuri vipi hapo ataanza na wewe ukurasa wa kwanza na mtihani utawakuta njiani.

Fanya hivi. Chukua swali moja, lifanye mwenyewe mpaka pale unapokwama, usifute kitu, halafu njoo na hiyo karatasi. Tuseme umeambiwa gramu 10 za kalsiamu kaboneti zimepashwa moto mpaka zikavunjika zote, utafute ujazo wa kaboni dayoksaidi kwa s.t.p. (halijoto na kanieneo sanifu). Kama umeandika 10 gawa kwa 100 (gramu za moli moja ya kalsiamu kaboneti) ukapata moli 0.1 ukaishia hapo, mwalimu akitupia jicho tu anaona umebakiza kuzidisha kwa 22.4 (dm³ za moli moja ya gesi) upate 2.24 dm³, dakika mbili mmemaliza. Ila kama ulichukua 10 ukazidisha kwa 22.4 moja kwa moja ukapata 224, wewe tatizo lako ni lingine kabisa, hujajua kwamba gramu lazima uzigeuze moli kwanza, na inabidi urudishwe mada ya moli tangu mwanzo. Wote wawili mmekosa swali lilelile ila hamuwezi kusaidiwa sawa, ndo maana nasema usifute.

Somo gani uanze nalo? Chukua matokeo yako ya mock uyapigie hesabu ya Necta, yaani Baraza la Mitihani. Divisheni inatoka kwenye masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Sasa una jiografia 41 na fizikia 12, wengi wanakimbilia fizikia kwa sababu ndo inawatia aibu, mi nakwambia anza na jiografia, umebakiza alama 4 tu iwe C, na fom faivu ya serikali wanataka uwe na angalau C tatu. Pointi 26 ni divisheni foo, pointi 25 ni divisheni thrii, yaani hiyo jiografia peke yake inaweza kukuvusha. Labda kama ndoto yako ni PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapo fizikia haikwepeki na ulitakiwa uanze nayo jana.

Msaada wa kwanza ni mwalimu wako wa shule na huyo ni bure. Usimvamie kengele imelia anawahi kipindi kingine, muulize mapema anakuwa na nafasi saa ngapi. "Shikamoo mwalimu, hili swali nimefika mstari wa tatu nimekwama, naomba unielekeze." Mwalimu anayeona umehangaika mwenyewe kwanza ni nadra akufukuze, jamani msiwaogope. Kwa walio Moshi kuna wanachuo wa Chuo Kikuu cha Mwenge wanaosomea ualimu, hao mitihani ya Necta wameifanya juzi tu bado wanakumbuka inavyouma, ongea na mmoja awe anakusahihishia kazi hata mara moja kwa wiki.

Na tuisheni ukiitafuta uliza kitu kimoja tu, je huyu mwalimu anasahihisha? Kama mmejazana chumba kizima yeye anaandika ubaoni nyie mnakopi, hicho ni kipindi cha shule umekilipia mara ya pili. Halafu kwa mabinti hasa, masomo yafanyikie sehemu ya wazi, sio geto kwa mwalimu, na nyumbani wawe na namba yake na wajue unarudi saa ngapi. Akianza maneno yasiyoeleweka ondoka na useme nyumbani siku hiyohiyo, hela ya mwezi uliyolipa isikuzuie.

Diskasheni msizidi wanne. Kila mtu aje ameshalifanya swali peke yake, mbadilishane karatasi, msahihishane, la sivyo mkali wa kundi anapiga msuli nyie mnaitikia tu. Eleweshaneni kwa Kiswahili ni sawa kabisa, ila jibu kila mtu aandike kwa Kiingereza kwa maneno yake, maana nimeona watoto wanaijua fotosinthesisi vizuri mno kwa mdomo halafu kwenye karatasi inatoka mistari miwili.

Kitu ambacho wengi hawakigusi kipo bure kwenye tovuti ya Necta, zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, wanaeleza swali kwa swali watu walikosea nini na wanaweka hadi picha za majibu mazuri na mabovu. Mmoja mwenye bando adauniloudi, wengine mrushiane, kurasa mnazozihitaji mkaprinti stesheneri. Kama nyumbani kelele au umeme unasumbua, nendeni maktaba ya mkoa, Arusha ipo na Moshi ipo.

Mtihani ukikaribia mtaanza kutumiwa meseji za "paper ya Necta hii hapa, tuma hela". Usitume hata mia. Nyingi ni utapeli, na hata ingekuwa ya kweli, ukikamatwa unafutiwa matokeo yote. Toka kwenye hilo grupu, mwonyeshe mzazi au mwalimu ile namba, na usimfowadie mwenzio hata kwa kumwonyesha tu.