Kufundisha uadilifu wa utafiti kwa zana za bure: kipindi cha saa mbili

Wanafunzi wengi wa uzamili husikia habari za uadilifu wa utafiti siku wanayopeleka tasnifu kukaguliwa kama imenakiliwa. Wamechelewa. Data zimeshakusanywa, na majina ya waandishi yameshapangwa. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) nacho huruhusu kazi ianze tu. Hakimzuii mtu kujaza madodoso jioni akiwa chumbani kwake.

Mtandaoni kuna kozi za bure zenye cheti, kama ile ya maadili ya utafiti ya Global Health Training Centre. Itoe wiki moja kabla ya kipindi, iwe maandalizi. Ukidai cheti peke yake, wengine watabonyeza hadi mwisho na kubahatisha majibu. Dai pia nusu ukurasa: sehemu gani ya kozi ni ngumu kutekelezeka katika utafiti wako, na kwa nini?

Anza kipindi kwa dakika 10 za kutofautisha mambo matatu: kubuni data ambazo hazikuwahi kukusanywa, kupotosha zilizopo, na kuchukua maneno au mawazo ya mwenzako bila kumtaja. Kosa la bahati mbaya halimo humo. Liseme wazi, maana mwanafunzi anayeogopa kuitwa mwizi huficha hata hesabu aliyokosea.

Dakika 60 zinazofuata ndizo kiini. Tumia Dilemma Game, programu ya bure ya simu kutoka Erasmus University Rotterdam. Kila dilema, yaani hali ngumu ya kuamua lililo sahihi, ina njia nne, na mara nyingi hakuna iliyo safi kabisa. Wanafunzi 25 wagawe makundi ya watano. Simu moja kwa kundi inatosha, ila ipakuliwe mapema kwa mtandao wa chuo ili bando la mtu lisiteketee. Dilema tatu, dakika 20 kila moja. Kila dilema isome kwa Kiswahili hata kama tasnifu zinaandikwa kwa Kiingereza. Mabishano yatachangamka zaidi. Kila mtu aandike herufi ya chaguo lake kwenye karatasi kabla ya yeyote kufungua mdomo, kisha wote wafunue pamoja. Ukiruka hatua hii, msemaji wa kwanza huwabeba wote. Wenye chaguo la wachache ndio waanze kujieleza. Wewe nyamaza hadi mwisho, kwa sababu ukishatoa rai yako mjadala umekwisha.

Dilema hizo zimeandikwa kwa mazingira ya vyuo vya Ulaya, hivyo ya tatu itunge mwenyewe. Kwa mfano: mdadisi ameleta madodoso 40 ya siku moja, na kila mahojiano huchukua dakika 45. Hizo ni saa 30. Fedha ya usafiri imekwisha. Je, uyatupe yote, upigie simu kaya 10 kuhakiki, uyatumie na kuyataja kama kasoro, au umweleze msimamizi kabla ya kugusa chochote? Kumweleza msimamizi ni lazima, lakini kundi likiishia hapo libane: kesho yake madodoso yale yatafanywa nini? Na kama hizo kaya 10 zikisema hazikutembelewa, yale mengine 30 yana thamani gani?

Dakika 25 zipe Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo. Waingize kwa DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, makala ya Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyotumia watoto 12 kuhusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. DOI yake ni 10.1016/S0140-6736(97)11096-0. Zotero itaonyesha tahadhari kwamba makala ilibatilishwa; jarida liliifuta mwaka 2010. Taarifa hizo hutoka hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa. Kisha waingize makala ileile kwa kuandika kichwa kwa mkono, bila DOI. Tahadhari haitokei, kwani programu hutambua makala kwa namba. Hapo kila mmoja afungue orodha ya marejeo yake mwenyewe na kujaza namba zinazokosekana.

Dakika 25 za mwisho chukua kisa kimoja kuhusu uandishi wa pamoja kwenye tovuti ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji. Visa vyake havitaji majina. Chapisha maelezo ya kisa tu na ufiche ushauri uliotolewa hadi makundi yaamue. Kwa darasa la maabara, weka badala yake kipande cha The Lab, video ya bure ya ofisi ya uadilifu wa utafiti ya Marekani, ambamo mtazamaji humwamulia mhusika na kuona matokeo. Ijaribu siku moja kabla kwa projekta na intaneti ya chumba hichohicho, kwani video ikikwama darasa hupoa.

Kabla ya siku hiyo pia, ulizia chuoni kwako ofisi inayopokea malalamiko, na uandike ubaoni ilipo na saa zake. Dilema ya madodoso ikishajadiliwa, mtu atauliza amwendee nani ikiwa mwenye kupika data ni msimamizi wake.