Somo: Namna ya kusoma anatomia na fiziolojia katika mwaka wa kwanza wa udaktari

Ndugu wanachama, somo hili nimeliandika kwa ajili ya vijana waliomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na wanaoanza Shahada ya Udaktari wa Binadamu, hasa walioko Mbeya katika chuo kishiriki cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa wa Mwanza, Moshi na kwingineko nao watalielewa. Shahada hii huchukua miaka 5, kisha hufuata mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na mwaka wa kwanza ndio unaobeba anatomia (muundo wa mwili), fiziolojia (namna mwili unavyofanya kazi) na biokemia (kemia ya mwili), masomo ambayo mengine yote yatayaegemea.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika jaribio la kwanza la anatomia niliingia nikiwa nimeyasoma madesa (muhtasari wa masomo unaopitishwa kati ya wanafunzi) mara nne, na kila ukurasa nilipoufungua niliona kwamba naujua. Mtihani ulipouliza neva (mshipa wa fahamu) gani hupita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, niliiona picha ya ukurasa kichwani, pamoja na rangi ya kalamu niliyopigia mstari, lakini jina halikuja. Nilifeli, na ilinichukua muda kukubali kwamba sikuwa mvivu. Nilikuwa nimesoma kwa njia isiyofaa. Kulitambua jambo unapoliona si sawa na kulitoa kichwani pasipo msaada, na mtihani, kama alivyo mgonjwa, hudai hilo la pili.

Hatua ya kwanza: pitia mada kabla ya kipindi

Dakika 20 zinatosha. Usijaribu kuelewa kila kitu. Tazama vichwa vya habari na michoro, kisha andika maneno matano ambayo hujawahi kuyasikia. Mhadhiri atakapoyataja, sikio lako litakuwa limekwisha kuyazoea.

Hatua ya pili: funga daftari, kisha andika

Hapa ndipo penye kiini cha somo lote. Baada ya kipindi, jioni ya siku hiyohiyo, soma mada mara moja kwa utulivu. Halafu funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike kila unachokikumbuka bila kuchungulia. Utaumia. Dakika tano za kwanza utahisi kwamba hukuelewa lolote, na wengi hukimbilia kulifungua daftari papo hapo. Vumilia. Ukishindwa kabisa, ndipo ufungue, usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, na karatasi hiyo uitunze, kwa sababu zile alama za rangi ndiyo orodha ya kweli ya mambo usiyoyajua.

Hili si wazo langu binafsi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema sana, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyarudia kuyasoma na wengine walijipima kwa kuyaandika kutoka kichwani. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana kukesha na madesa usiku wa kuamkia mtihani humdanganya mtu: asubuhi anajiona yuko tayari, na miezi michache baadaye, fiziolojia inapohitajika katika patholojia (somo la magonjwa), hana kitu.

Hatua ya tatu: anatomia ichorwe kwa mkono

Chukua mtandao wa neva za mkono, unaotisha kila darasa. Ukiutazama kitabuni ni fujo ya nyuzi, lakini ukiuchora una mpangilio wa mti: mizizi 5 inayotoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia C5 (ya tano ya shingo) hadi T1 (ya kwanza ya kifua), mashina 3, migawanyo 6, kamba 3, kisha neva kubwa 5 za mwisho. Uchore leo ukiwa na kitabu mbele yako, kesho bila kitabu, na keshokutwa uuchore huku ukimweleza mwenzako kwa sauti. Mara ya saba mkono wako utakuwa unakwenda wenyewe.

Usiishie kwenye majina. Kwa kila neva jiulize: ikikatika, mtu huyu atashindwa kufanya nini? Nikiwa mwaka wa nne wodini tulimkuta kijana mwendesha bodaboda aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati. Vidole vyake vilikuwa na joto na rangi nzuri, lakini alipoambiwa anyanyue kiganja, kilining'inia chini, naye akakitazama kwa mshangao kana kwamba si chake. Tulikuwa wanafunzi sita, na sote tungeweza kuzitaja neva 5 kwa mpangilio; ni mmoja tu aliyesema kwamba neva ya radiali huzunguka nyuma ya mfupa pale palipovunjika. Ilikuwa ndiyo neva ileile iliyonifelisha.

Hatua ya nne: fiziolojia ifuatwe kwa sababu zake

Fiziolojia haikaririwi, husimuliwa. Chukua mfano ulio nje ya dirisha lako. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi aliyekulia Dar es Salaam hufika, na wiki ya kwanza akipanda kilima kuelekea mlima Loleza hutweta. Kwa nini?

Asiyeelewa atasema kwamba hewa ya Mbeya ina oksijeni asilimia ndogo zaidi. Sivyo; ni asilimia 21 ileile. Kilichopungua ni kanieneo (mgandamizo) ya hewa yote, kutoka milimita 760 za zebaki pwani hadi takriban 620. Hewa ikishaingia na kulowana njiani, mvuke wa maji huchukua 47 kati ya hizo, kwa hiyo kanieneo ya oksijeni inayoingia, yaani asilimia 21 ya zinazobaki, huwa kama 150 pwani na 120 Mbeya. Sasa endelea. Oksijeni ya damu ikishuka, vihisio vya shingoni huuarifu ubongo, na pumzi huongezeka. Pumzi ikiongezeka, kabonidioksidi hutoka kwa wingi, damu huelekea kidogo kwenye ualkali, na figo hulisahihisha hilo taratibu kwa kutoa bikaboneti. Figo hizohizo, zikihisi upungufu wa oksijeni, huongeza homoni ya erithropoietini, ambayo huuhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, kazi inayochukua siku hadi wiki kadhaa.

Katika simulizi hilo moja umegusa mapafu, ubongo, figo, uboho na kemia ya damu. Kila mada isome hivyo, ukiuliza "halafu nini?" mpaka jibu liishe.

Hatua ya tano: rudia kwa vipindi

Karatasi tupu irudi siku ya tatu, siku ya saba, kisha baada ya wiki tatu. Tundika ratiba ukutani. Mitihani ya miaka iliyopita itumie kujipima, usiifanye mtaala.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo daktari. Mimi nafikiri kwa Kiswahili na mihadhara yote ni kwa Kiingereza. Je, nikijieleza kwa Kiswahili nitajiharibia?

Jibu: Marahaba. Hutajiharibia. Utaratibu wa mwili ueleze kwanza kwa Kiswahili mpaka usikwame popote, kisha uuandike upya kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Ukikwama katika hatua ya pili tu, tatizo ni msamiati. Ukikwama katika ya kwanza, hujaelewa. Tena mgonjwa wako wa kesho utamweleza kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Mwanachama wa Tukuyu: Daktari, bumu langu (mkopo wa wanafunzi) ni dogo na vitabu vya anatomia ni ghali. Sina hata kompyuta.

Jibu: Kitabu cha maktaba kinatosha ukienda mapema, na toleo la nyuma kidogo halina ubaya, kwa maana mifupa haijabadilika. Omba karatasi zilizochapwa upande mmoja kwenye maduka ya fotokopi. Upande mtupu ndio wako. Bumu likitoka, lipa kodi ya chumba kwanza, nunua unga, mchele na maharage ya mwezi, ndipo ufikirie mengine. Mwenye njaa hawezi kukaa na karatasi tupu.

Mwanachama wa Njombe: Naogopa chumba cha maiti tunamojifunzia anatomia. Siku ya kwanza nilitoka nje kwa sababu ya harufu ya fomalini (dawa ya kuhifadhia maiti), na wenzangu wakanicheka.

Jibu: Kutoka nje si aibu. Kula kidogo kabla ya kwenda, simama karibu na dirisha, na ukihisi kizunguzungu keti chini mara moja. Mara ya pili nenda na mwenzako mmoja mtulivu, mpewe mkono wa maiti peke yake, huku sehemu nyingine zikiwa zimefunikwa. Yule aliyelala pale alikuwa mtu mwenye jina na ndugu. Usipige picha, usikubali mzaha, na ukimaliza mfunike vizuri. Mimi nilikuwa nikimsalimu moyoni kabla ya kuanza, na hofu ilipungua kadiri wiki zilivyokwenda.

Mwanachama wa Mafinga: Nalala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku ili nimalize mada. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, mdogo wangu. Ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana wakati wa usingizi, kwa hiyo unapoukata unatupa sehemu ya kazi uliyokwisha kuifanya. Punguza idadi ya mara unazosoma ukurasa uleule, uweke karatasi tupu mahali pake, ulale kwa muda wa saa saba. Jaribu kwa wiki mbili, kisha urudi hapa utuambie alama za jaribio lako.